Mvua ya Saa Kumi

Jumatatu asubuhi sauti ilisema manyunyu mpaka adhuhuri, kisha mawingu yatatawanyika, digrii sabini na moja za Fahrenheit, upepo kutoka kaskazini. Jumanne na Jumatano anga wazi. Alhamisi joto kali, na huenda ngurumo jioni. Ijumaa mvua. Jumamosi kukavu tena. Niliandika yote kwenye kiganja cha mkono, nikarudisha simu mahali pake, nikatoka nje na chaki.

Kibanda chetu cha simu kiko njiapanda, kati ya shamba letu na la Ervin Schrock. Kanisa letu, linalokataa umeme na magari ya injini, liliruhusu simu ikae pale na si nyumbani, kwa hiyo ni ya familia sita, na mlango wake haufungiki vizuri. Nje ya mlango huo Baba alipigilia ubao mweusi uliotoka shule ya zamani. Kila asubuhi, tukimaliza kukamua, napiga namba ya kinu cha chakula cha mifugo mjini Pruitt, nasikiliza mkanda wao uliorekodiwa wa hali ya hewa ya wiki, halafu naandika ubaoni. Watu wakipita na magari yao ya farasi wanapunguza mwendo, wanasoma, wanaendelea.

Nilipewa kazi hii kwa sababu nilikuwa nyumbani. Mama aliumia mgongo nikiwa darasa la sita, nikabaki kumsaidia, na sikurudi tena shuleni. Niliipenda kwa sababu mkanda haukuulizi kitu. Mtu akiniuliza, hata kama anauliza jina langu tu, maneno yananikwama kooni, na Mama akinituma dukani hunipa karatasi. Lakini pale ubaoni nilikuwa naongea na njia nzima. Jumatatu za jua niliandika "Siku ya kufua" pembeni. Siku za theluji, sauti ile ikisema vaeni soksi mbili, niliandika na soksi.

Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu anayesoma huku kikombe cha kahawa kiko karibu. Kwa miaka minne niliisikia kila siku na sikujua jina lake. Nilikuwa nasikiliza mara mbili. Mara ya kwanza naandika, mara ya pili natoa saa moja.

Hilo la kutoa saa moja si jambo gumu, ila ni la kukumbuka. Waingereza, ndivyo tunavyowaita wote wasio wa kanisa letu hata kama babu zao walitoka Poland, husogeza saa zao mbele yanapoingia majira ya machipuko. Wazee wetu walikataa. Walisema jua likiwa utosini ni saa sita, nani amelisogeza? Basi kiangazi chote mjini wanakwenda na saa za haraka na sisi tunakwenda na saa za polepole. Mkanda ukisema mvua saa kumi, ubaoni kwetu ni saa tisa.

Wiki ile kila mtu alikuwa anasubiri ubao kwa sababu nyasi za kwanza zilikuwa zimefika magotini na kupita. Nyasi za kukausha zinataka siku mbili na nusu za jua baada ya kukatwa. Zikinyeshewa zimelala chini, zinakuwa nyeusi na kunuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa. Ng'ombe anazinusa, anakutazama, anageuza kichwa.

Ervin Schrock alijua hilo kuliko wote. Mwaka jana, mwaka wake wa kwanza kwenye shamba la kukodi, nyasi zake zote za kwanza zilioza shambani, na alipofika Februari aliuza ng'ombe watano kwa sababu hakuwa na cha kuwalisha. Alibaki na wanane. Nilimsikia akimwambia Baba, wakiwa wameegemea uzio, kwamba zikioza na za mwaka huu atarudi Indiana kwa kaka yake, kwenye kiwanda cha makabati, apachike mlango mmoja wa kabati baada ya mwingine mpaka azeeke. Alisema akicheka, lakini mkono wake ulikuwa unachuna rangi ya uzio.

Mimi nilikuwa upande wa pili nakusanya mayai. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mayai yaliyokuwepo.

Niseme pia kwamba Ervin husoma ubao polepole. Wengine wanatupa jicho tu. Yeye anasimamisha farasi kabisa, anavua kofia, anasoma kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, hata siku ambazo hazimhusu. Mwezi wa nne chaki yangu ilipobaki kipande cha kushika kwa kucha, asubuhi nilikuta chaki nyingine mpya ukingoni mwa ubao, imefungwa kwenye jani ili umande usiiloweshe. Sikuuliza nani aliiweka. Niliandika nayo vizuri zaidi.

Jumanne walikata nyasi, Baba zake na Ervin zake. Harufu ilikuja mpaka chumbani.

Jumatano nilipiga simu kama kawaida. Iliita mara moja, halafu badala ya ule mlio wa mkanda nikasikia mtu anapumua.

"Kinu cha Pruitt, Darlene hapa."

Ilikuwa sauti yenyewe, ila sasa ilikuwa inasubiri. Nusura nikate.

"Kama ni hali ya hewa, mashine imetafuna mkanda," akasema. "Ngoja nikusomee mwenyewe. Nani mwenzangu?"

Nilimwambia ni Saloma. Sijui nilimwambiaje, lakini alisikia, akauliza kama ni Saloma wa Yutzy, wale wa pai za stroberi barabarani. Nikasema ndiyo. Akasema kesho kinu kinafungwa mapema, atapita achukue mbili, halafu akanisomea. Leo wazi, digrii themanini na nne. Kesho digrii tisini, ngurumo na mvua kubwa kuanzia saa kumi, pengine ya mawe. Akanitakia siku njema. Nikamwambia na wewe, nikakata.

Kiganja changu kilikuwa na jasho mpaka wino ulikuwa unatiririka kuelekea kwenye mkono wa gauni. Nilikimbilia ubaoni kabla haujafutika, nikaandika kama nilivyousoma. Alhamisi, digrii 90, mvua kubwa saa kumi. Mtu aliye hai humsikilizi mara mbili. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kama mtu aliyevuka mto, na nikamwambia Mama kwamba sauti inaitwa Darlene.

Jioni ile Baba, Mjomba Menno na Ervin walikutana mbele ya ubao wapange. Mjomba Menno ni kaka yake Mama, mkubwa kama mlango wa ghala, na hawezi kupita bila kumchokoza mtu. Alisoma, akasema mwandishi wetu leo ameandika kwa haraka, herufi zinakimbia mvua. Baba akahesabu kwa vidole. Shamba letu liko juu, nyasi zinakauka mapema, basi waanze kwetu saa nne umande ukishaondoka, wamalize saa saba. La Ervin liko kwenye kijito na hukauka mwisho. Wahamie kwake kuanzia saa saba mpaka saa kumi. Saa tatu zinatosha kwa mikokoteni mitatu.

"Zinatosha kabisa," Ervin alisema, na akaugusa ubao kwa kidole, chini ya yale maneno saa kumi, kama mtu anayegusa kichwa cha farasi wake.

Alhamisi joto lilipanda tangu asubuhi. Wanaume tisa walikuwa shambani kwetu na mikokoteni, mashine ya kupakia ikiokota nyasi nyuma na kuzimwaga juu, farasi wakitikisa vichwa kwa sababu ya nzi. Mimi nilikuwa kwenye meza ya pai kando ya barabara. Mama alikuwa ananitazama kutoka dirishani, kama afanyavyo, tayari kutoka mteja akiuliza swali refu.

Kigari cha mizigo cha bluu kilisimama. Akashuka mama mmoja mfupi, nywele za mvi, suruali ya kazi yenye vumbi la mahindi magotini. Sikuwa nimewahi kumwona, na aliposema habari nilimjua.

"Wewe ndiye Saloma," akasema. "Nilidhani utakuwa mrefu zaidi."

Nilimwambia hata mimi nilidhani hivyo juu yake. Ilinitoka tu. Darlene akacheka, na kicheko chake hakikuwahi kuwa kwenye mkanda. Akachagua pai mbili, akanusa ya tatu, akaichukua nayo. Akasema hatakaa, anataka kufika nyumbani aingize nguo kabla ya saa kumi, maana asubuhi redioni wamerudia kusema na bado ni ile ile, saa kumi kamili, wingu linakuja kutoka magharibi.

Nikasema ndiyo, hata ubaoni tumeandika saa kumi.

Nilipomaliza kusema hivyo nilisikia baridi miguuni, na mawe ya njia yalikuwa ya moto. Kiangazi, namba yangu na namba ya Mwingereza hazifanani hata siku moja. Zikifanana, mmoja amekosea, na aliyekosea si yule mwenye kinu.

"Sasa ni saa ngapi?" nikamuuliza.

Akatazama saa yake ya mkononi. Saa nane. Nikageuka kumtazama Mama dirishani, na nyuma ya bega lake ile saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa saba.

"Si saa kumi yetu," nikamwambia. "Ni yenu. Sikutoa."

Watu wa mjini wengi wangeuliza kutoa nini. Darlene ameuzia watu wetu chakula cha mifugo miaka thelathini. Aliweka pai kwenye kiti cha gari, akauliza ni nyasi za nani. Nikamwambia za Ervin Schrock, ziko chini zote, na tuna saa mbili, si tatu. Akauliza ni nani mwingine ana mkokoteni. Nikamwambia akina Mast na akina Borntrager. Akasema yeye anakwenda kuwaita, mimi niende shambani.

Nilitaka kumwomba aende yeye shambani. Yeye ana sauti, na mimi ningeweza kupanda kigari na kuonyesha njia kwa kidole. Lakini kosa lilikuwa langu, na Darlene alikuwa ameshawasha gari.

Nilikimbia pekupeku kupitia mabua yaliyokatwa. Yanachoma. Theluthi ya shamba letu ilikuwa bado imelala kwa mistari, na wanaume walikuwa wamesimama kunywa maji ya siki na sukari aliyoyatuma Mama. Mjomba Menno akaniona kwanza. Akasema tazameni, Saloma anakimbia, bila shaka nyumba inaungua na amekuja na karatasi.

Wakacheka, hata Baba. Ervin hakucheka, alikuwa juu ya mkokoteni na uma mkononi, akinitazama.

Nilisimama. Nilikuwa na pumzi chache na watu tisa mbele yangu.

"Mvua ni saa tisa," nikasema.

Mjomba Menno akauliza ubao umebadilika lini.

"Haujabadilika. Niliuandika vibaya. Saa kumi ni ya mjini. Nilisahau kutoa saa moja." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa inatoka. "Mkimaliza hapa, za Ervin hazitawahi. Baba, naomba mziache zetu. Nendeni kwake sasa hivi."

Farasi mmoja akapiga mguu. Nilikuwa nimewaomba wanaume waache nyasi za baba yangu mwenyewe zinyeshewe, kwa ajili ya za kijana asiye wa nyumba yetu, na nilijua kila mmoja pale alikuwa ameelewa hilo.

Ervin akashuka. Akamwambia Baba hapana, Tobias, zako ndizo za kwanza kwenye mpango, mpango ni mpango, yeye atapata anachopata.

Baba alitazama mistari iliyobaki, akatazama magharibi, ambako anga lilikuwa jeupe tu la joto, halafu akanitazama mimi. Baba ni mtu wa kukunja mikono ya shati kabla ya kuamua jambo. Alikunja.

"Mimi nina ghala lenye nyasi theluthi mbili," akasema. "Wewe lako lina njiwa. Twendeni."

Walihamia kijitoni, mikokoteni ikirukaruka kwenye daraja. Mama na mimi tulikwenda na reki. Hatujafika nusu ya mstari wa kwanza, akina Mast wakatokea na mkokoteni wao, na nyuma yao mzee Borntrager na binti zake wawili. Mzee alisema Mwingereza mmoja mwanamke amesimamisha gari mbele ya nyumba yake na kumsomea hali ya hewa kupitia dirishani, kama vile anasoma Maandiko, na alipofika mwisho akamwambia atoke kitandani.

Sikumbuki vizuri saa mbili zile. Nakumbuka mgongo wa Baba umelowa wote. Nakumbuka upepo ulivyokufa, halafu ulivyorudi wa baridi, na majani ya miti ya kijitoni yakageuka kuonyesha upande mweupe. Mjomba Menno aliacha kuchokoza watu, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Wingu lilikuwa la rangi ya jivu la mkaa, na mbele yake kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani.

Mkokoteni wa mwisho uliingia ghalani kwa Ervin mvua ikiwa imeshafika kwenye daraja. Matone ya kwanza yaligonga nyasi za juu kabisa, yakaishia hapo. Baba akavuta mlango. Kulikuwa na giza, na kelele za paa, na harufu ile, tamu kama chai. Mistari miwili tu ya pembeni kabisa, ile iliyo kwenye matope ya kijito, ilibaki nje.

Mtu akatoa saa mfukoni, akaisogeza kwenye mwanga wa ufa. Saa tisa na dakika nne.

"Amechelewa dakika nne," akasema Mjomba Menno. "Huyo Darlene aambiwe."

Tulikaa kwenye nyasi tukisubiri. Darlene, aliyekuja nyuma ya mzee Borntrager, alikuwa ameingia nasi, amelowa bega moja, akaenda kuzitoa zile pai tatu garini akazikata kwa kisu cha mfukoni cha Ervin. Mawe yalianza kupiga. Kila mmoja alikuwa anafikiri juu ya theluthi ile ya kwetu juu kule, na hakuna aliyeitaja, mpaka nikaitaja mimi. Nilimwambia Baba nimekosa, nyasi zake zimeharibika kwa ajili yangu.

Baba akalamba juisi ya stroberi kidoleni. Akasema ng'ombe watazila. Watanung'unika, lakini watazila, na yeye ameshazoea kuishi na wanaonung'unika, akamtazama Mjomba Menno.

"Miaka kumi na tisa binti huyu hajasema maneno kumi mfululizo," akasema Mjomba. "Leo ameongea, na tazama mbingu ilivyofanya."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipoinua macho Ervin alikuwa ameketi upande wa pili na kipande cha pai hakijaguswa. Alikuwa anatazama nyasi zake juu mpaka darini, kama anavyosoma ubao, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa ilinyesha kutwa.

Jumamosi nilikwenda kibandani mapema, njia bado ina madimbwi. Mlango wa kibanda ulikuwa unafungika. Mtu alikuwa amebadilisha bawaba. Ndani, juu ya simu, usawa wa macho yangu hasa, kulikuwa na kipande cha mbao ya mwaloni kilichopigwa randa vizuri, kimechongwa maneno kwa patasi: TOA SAA MOJA. Kilikuwa kimening'inizwa kwa msumari mmoja tu. Nikakigeuza. Nyuma kilikuwa kimechongwa: MAJIRA YA BARIDI, ACHA ILIVYO.

Nilicheka peke yangu mle ndani. Halafu nikapiga simu. Mkanda ulikuwa umetengenezwa. Darlene alisoma wiki nzima inayokuja bila kusita, na mwishoni akaongeza kwamba anawasalimu wenye kusikiliza mara mbili, jambo nililomwambia ghalani. Nilisikiliza mara mbili.

Nilipotoka na chaki, Ervin alikuwa njiapanda kwenye gari lake la farasi, lile la wazi wanaloendesha vijana, lisilo na paa. Kofia alikuwa ameshaivua, ingawa ubaoni hapakuwa na kitu bado. Nikamwambia asante kwa mlango. Akasema ulikuwa unamuudhi kila anapopita.

Nikaanza kuandika. Jumamosi, wazi, digrii sabini na nane. Nilimsikia nyuma yangu akirekebisha hatamu ambazo hazikuwa na kasoro. Akauliza, bila kumalizia vizuri, Jumapili jioni kutakuwaje, pale vijana watakapomaliza kuimba kwa akina Mast, maana kutoka kule mpaka kwetu ni maili nne na gari lake halina paa, na kama mtu angependa kurudishwa nyumbani nalo, ingefaa ajue mapema.

Kila msichana wa kwetu anajua swali hilo ni swali gani, maana ndivyo uchumba unavyoanza. Kwa kawaida kijana humtuma rafiki yake aulize.

Kiganjani mwangu nilikuwa nimeandika. Ningeweza kusema kutakuwa wazi. Nilitaka sana kuwe wazi. Lakini nilikuwa nimeshaona ubao wa uongo unavyofanya.

"Manyunyu," nikamwambia. "Kuanzia saa mbili."

Akafikiri kidogo. "Saa mbili yetu au yao?"

"Yetu. Nimeshatoa."

"Basi nitakuja na mwavuli," Ervin akasema. "Ule mkubwa wa Babu. Unaenea watu wawili."

Nikageuka nikaandika. Jumapili, mawingu, manyunyu saa mbili usiku. Chaki ilivunjika, nikaendelea na kipande. Pembeni, mahali ninapoandika mambo ya kufua na soksi, niliandika neno moja, ndiyo, nikasogea kando ili asome.